Robota, Sanduku na Shanta: Historia ya Mzigo Ukingoni mwa Ziwa Mweru

Kila muhula unapofunguliwa, mabasi ya Nchelenge na Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, huondoka na vijana wanaokwenda vyuoni. Wa karibu hushuka Mansa kwenye chuo cha ualimu. Wengine huendelea hadi Kitwe, Kabwe au Lusaka, safari inayokaribia kilomita 1,000. Buti la basi hujaa magunia ya samaki wadogo wa chisense, magodoro yaliyokunjwa na yale mabegi makubwa ya plastiki yenye miraba. Begi moja tu halikubali kwenda butini, nalo hupakatwa. Ndani yake mna vyeti, simu, chaja, kompyuta ikiwa ipo, na fedha za kuanzia maisha. Begi hilo la mgongoni, ambalo wengi huliita shanta, mara nyingi hununuliwa kwa dakika chache, kwa kuangalia rangi na kwa kuuliza lile lenye nafasi kubwa zaidi. Hapo ndipo ninapopinga. Watu wa ukingo huu wa ziwa wamefunga na kubeba mizigo ya safari ndefu kwa zaidi ya miaka 200, na rekodi ya kazi hiyo ipo. Ukiisoma utaona kwamba uimara wa mzigo ulifundishwa na misafara, ilhali mpangilio wake ulifundishwa na watu waliobeba vitu vyao wenyewe, na hao kwa sehemu kubwa ni wanawake. Anayenunua shanta kwa kuangalia ukubwa anarudia kosa la zamani la msafara: kupima mzigo kwa tamaa ya mwenye mali badala ya kuupima kwa mgongo wa anayeubeba.

Ufalme wa Kazembe, uliojikita katika bonde la Luapula tangu miaka ya 1740 hivi, ulitajirika kwa kukaa njiapanda. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shaba ya Katanga. Kuelekea Mweru wa Ntipa kulikuwa na chumvi. Porini kulikuwa na ndovu. Mwaka 1798 Mreno Francisco José de Lacerda e Almeida alifika kwa Kazembe kutoka Tete akitafuta njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola, akafia huko huko mwezi Oktoba. Wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, waliofanikiwa kuipita njia hiyo kutoka Angola, walizuiwa kwa Kazembe miaka kadhaa kabla ya kufika Tete mwaka 1811. Baadaye wakaja watu wa pwani na Wanyamwezi. Tippu Tip alimshinda chifu Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili anazihesabu pembe alizotwaa kwa frasila. Mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Simba alijiimarisha kisiwani Kilwa, ndani ya ziwa lenyewe. Magharibi, Msiri aliyetoka Unyamwezi alitawala Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891. Biashara yote hiyo ilikwenda kwa miguu ya watu, kwa sababu mbung'o hawakuwaacha punda na ng'ombe waishi. Ndiyo maana kipimo cha biashara kilikuwa mwili wa binadamu. Frasila moja ni karibu kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria, chakula na silaha.

Jinsi mzigo huo ulivyofungwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo kuna elimu ambayo maduka ya mabegi huiuza leo kama jambo jipya. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliueleza kwa kirefu. Nguo ziliviringishwa na kukazwa mpaka zikawa robota refu na jembamba kama mto wa kulalia, likafungwa kamba kwa nguvu ili lisibadilike umbo. Juu yake zilifungwa fito zinazonyumbulika, na mwisho mmoja wa fito hizo uliachwa na panda iliyotokeza. Panda hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko sura yake. Mpagazi alipotaka kupumzika aliliegemeza robota kwenye mti likiwa limesimama, nguo zisiguse ardhi yenye unyevu, na alipotaka kuondoka hakulazimika kuliinua kutoka chini kabisa. Wembamba nao ulikuwa na sababu, kwani njia za msafara zilipitwa na watu mmoja nyuma ya mwingine, na mzigo mpana ungekwama kwenye majani. Shanga zilikuwa na mifuko yake mirefu. Koili za waya wa shaba zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti uliowekwa begani. Kila bidhaa ilipewa umbo lake. Mtu wa pwani alibeba kichwani, Mnyamwezi begani, na aliyefunga mzigo alijua utabebwa na nani.

Ushahidi wa pili unamhusu David Livingstone, aliyefika kwenye Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 akiwa amedhoofika vibaya. Sababu mojawapo ya udhaifu wake ni ya upangaji wa mzigo. Mwezi Januari mwaka huo, kabla hajavuka mto Chambeshi, wapagazi wawili walitoroka na mizigo waliyokuwa nayo, na katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa zote. Kwa kawaida sanduku hilo lilibebwa na kijana mwangalifu. Siku hiyo alikuwa amebadilishana mzigo na mmoja wa waliotoroka. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba vitu vingine vyote alikuwa amevigawanya makusudi, ili akipoteza robota moja asipoteze kila kitu, lakini hakuwahi kufikiri kwamba kwinini inaweza kupotea. Akalinganisha habari hiyo na hukumu ya kifo. Angalia kosa lilipo. Sanduku lilikuwa imara na lilifungwa vizuri. Kilichokosekana ni kile alichokifanya kwa nguo na shanga, yaani kutia kidogo huku na kidogo kule. Aliviona vitu vya kuuza kuwa ndivyo vilivyo hatarini, akasahau kile ambacho bila hicho safari haiendi. Mwanachuo anayeweka kitambulisho, kadi ya benki, fedha zote na nakala pekee ya vyeti katika mfuko mmoja wa mbele wa begi, ule unaofunguka kwa zipu moja kwenye msongamano wa stendi, amefunga sanduku la Livingstone.

Miaka sita baadaye watu waliokuwa wakimbebea mizigo walionyesha kwamba ujuzi ulikuwa kwao. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kuurudisha mwili pwani. Waliukausha, wakakunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakauviringa nguo, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, wakashonea turubai juu, kisha wakaufunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili kwa mzegazega. Tabaka hizo kila moja ilikuwa na kazi yake: nguo kuzuia msuguano, gome kushika umbo, turubai kuzuia maji. Walivuka Luapula na kuelekea kaskazini-mashariki. Walipopata habari njiani kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite, walibadilisha umbo. Gome likatupwa, mwili ukafungwa upya ukawa robota la kawaida la nguo, na mabua ya mtama yakafungwa sanda na kupelekwa njia nyingine kama msiba wa uongo. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Vitabu vingi husimulia habari hii kama uaminifu wa watumishi. Uaminifu ulikuwapo, lakini bila ufundi wa kufunga mzigo, mwili usingefika hata nusu ya njia. Susi na Chuma waliijua kila hatua iliyo mbele yao, na walikuwa tayari kuufungua mzigo na kuufunga upya hatua hiyo ilipobadilika.

Hata hivyo, sitaki kuisifu misafara kupita kiasi. Pembe nyingi zilibebwa na watu ambao wenyewe walikuwa bidhaa, na hata mpagazi huru hakuchagua uzito. Hali haikubadilika sana Waingereza walipoingia. Kampuni iliyotawala nchi ilileta kodi ya kibanda, na wanaume wa Luapula wakalazimika kutafuta fedha, wengine kwa kubeba. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Makumi ya maelfu ya watu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walichukuliwa kuwa tenga-tenga, wabebaji wa unga, risasi na dawa kuelekea mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kazi hiyo iliendelea hadi kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Dar es Salaam imebaki na Kariakoo, mtaa uliopewa jina la kikosi cha wabebaji. Upande wa Zambia kumbukumbu yao imebaki zaidi midomoni mwa wazee. Uzito uliandikwa ofisini kwa kuangalia mahitaji ya jeshi, na mgongo ukatafutwa baadaye. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sioni maelezo bora kuliko hayo ya jinsi ofisa wa boma alivyoona shehena iliyokuwa ikipanda kwenda kaskazini. Basi urithi wa msafara una pande mbili. Unatufundisha kamba, tabaka na umbo. Pia unatuachia tabia ya kuanza na shehena na kumaliza na mtu.

Shule nyingine ya mzigo ilikuwapo muda wote huo, ila wasafiri Wazungu hawakuiandikia sura nzima. Mwanamke aliyetoka shambani na mihogo, au ziwani na samaki, alijaza kikapu mwenyewe, akakiinua mwenyewe na kukibeba mwenyewe. Alijua kikomo chake kwa kuwa shingo ni yake. Kizito kilikaa chini na katikati, chepesi juu, kisu pembeni ambako mkono unafika bila kushusha kikapu. Fedha hazikuwekwa kikapuni kabisa. Zilifungwa kwenye pindo la kitenge, kiunoni. Kata ya nguo ilikaa kati ya kichwa na mzigo, na mtoto mgongoni alifanya mizani ya mwili kuwa jambo la kufikiriwa kwa makini. Biashara ya samaki ilipokua, utaratibu huu ukasafiri mbali. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyekaa Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, aliikuta jamii iliyoshikamana na soko la migodi ya Katanga na Copperbelt. Samaki waliokaushwa walipandishwa kwenye maboti, malori na baiskeli. Baadaye chisense, samaki wadogo wa kuvuliwa usiku kwa taa, wakawa tegemeo, na wanawake wengi wakaingia katika biashara hiyo. Mfanyabiashara anayefuata magunia yake kutoka Kashikishi hadi mjini hujua gunia lipi liko chini na la nani, na fedha zake huwezi kuzikuta katika gunia lolote.

Msomaji anaweza kusema kwamba kama hekima ni ya kichwani, basi shanta ni kosa tangu mwanzo. Pingamizi hili lina uzito wa kisayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy na wenzake, waliopima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika, jambo ambalo askari wenye mabegi ya mgongoni hawakuliweza. Habari hiyo ilienea, na wengi wakaitafsiri kwamba kichwa hushinda mgongo daima. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 kutoka Afrika Kusini, yaliyolinganisha njia hizo mbili kwa wanawake wa Kixhosa, hayakuonyesha ushindi wa jumla wa kichwa, na maumivu ya shingo yalikuwa tatizo la wazi. Kwangu mimi, tafiti hizi mbili hazigombani sana. Mazoea ya tangu utotoni yana sehemu yake. Zaidi ya hapo, mzigo wa kichwani na ule wa ukanda wa paji la uso yote huuweka uzito karibu na mstari wa uti wa mgongo. Shanta linalofungwa mikanda mirefu likaning'inia matakoni, huku kompyuta ikiwa imewekwa upande wa nje, huuvuta mwili nyuma, naye mbebaji huinama mbele kujiokoa. Shanta lenye mfuko wa kompyuta unaogusa mgongo, likikazwa juu, hufanya kazi ile ile ya kikapu kilichojazwa vizuri.

Kati ya kikapu na shanta lilipita sanduku. Misheni ya Mbereshi, kusini mwa ziwa, ilianzishwa na London Missionary Society mwaka 1900, na kuanzia 1915 Mabel Shaw aliiongoza shule yake ya bweni ya wasichana. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Munali, Lusaka, ambako kijana wa Luapula angeweza kufika kwa lori na treni. Maisha ya bweni yalidai chombo kinachofungwa kwa kufuli, kinachokaa chini ya kitanda na kisicholiwa na mchwa. Sanduku la mbao, na baadaye la bati, lilitimiza yote hayo. Kwa uimara halina mpinzani; familia nyingi bado zina sanduku lililosomesha watoto watatu mfululizo. Lakini lilitengenezwa kwa ajili ya kukaa, si kwa ajili ya kwenda. Kutoka kituoni hadi bwenini lilihitaji kichwa cha mtu mwingine au mikono ya wawili. Na ndani yake hapakuwa na mgawanyo wowote: daftari, sabuni, sukari na sare vilikaa shimo moja. Ndiyo maana nasema sanduku la shule ni mtoto wa msafara. Lilikuwa na nguvu na lilijaa, na liliichukulia kazi ya kubeba kuwa shauri la mtu mwingine.

Shanta lenyewe lina asili mbili. Moja ni ya jeshi, mfuko wa turubai wa askari. Nyingine ni ya wapanda milima wa Marekani, na hii ndiyo iliyozaa begi la mwanafunzi. Kampuni ya JanSport ilianza mwaka 1967 huko Seattle, mji unaojulikana kwa mvua, na mabegi yake madogo ya mlimani yakaanza kuuzwa katika duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Washington, kwa sababu wanafunzi waliyaona yanakinga vitabu. Zambia nayo ndiyo kwanza ilikuwa imepata chuo kikuu chake, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1966. Kilichowezesha begi jepesi na gumu ni nailoni, iliyobuniwa katika maabara za DuPont mwaka 1935. Watu wa Mweru waliifahamu nailoni kabla hawajaona shanta, kwa njia ya nyavu. Kuanzia miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilichukua nafasi ya zile za pamba na kitani, kwa kuwa hazikuoza majini na hazikuhitaji kuanikwa kila siku. Zilileta pia uvuvi wa kupita kiasi, ambao ni habari nyingine. Kwa ninalolisema hapa inatosha kwamba mvuvi wa Nchelenge ana mamlaka ya kuzungumzia uzi kuliko muuzaji wa begi: anajua kwamba wavu huanza kuharibika kwenye fundo na kwenye kamba ya pembeni, mahali ambapo nguvu ya samaki na ya mkono hukutana.

Begi nalo huharibika vivyo hivyo. Kitambaa hakiachii mapema. Mshono ndio huachia, hasa pale mkanda wa bega unapoungana na mwili wa begi. Mnunuzi anapaswa kuanzia hapo. Mkanda ulioingizwa ndani ya tabaka mbili za kitambaa na kushonwa mraba wenye msalaba katikati utadumu; ulioshonwa kwa mstari mmoja juu juu utang'oka kabla ya mwaka kwisha. Pili ni sakafu ya begi, sehemu inayoburuzwa sarujini na kwenye mchanga. Inafaa iwe na kitambaa mara mbili. Tatu ni zipu. Namba inayoandikwa nyuma ya kichwa cha zipu hukaribia upana wa meno yake kwa milimita, na kwa mfuko mkuu namba 8 au 10 huvumilia kuliko 5. Ile namba kubwa ya kitambaa, kama 600 au 1000, inayoandikwa kwenye lebo kwa kujisifu, ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Ina maana, lakini haiokoi mshono mbaya, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuiandika tu. Kwa mpangilio, mifuko mingi haimaanishi utaratibu. Begi lenye vimifuko 15 humfanya mwenye nalo atafute kalamu mahali 15. Sehemu 4 zinatosha: moja ya kompyuta au vitabu vizito, imeshikamana na mgongo na haigusi sakafu ya begi, moja kubwa ya vitu vya siku, moja ya nje kwa vitu vya kufikiwa haraka, na moja ya siri inayofunguka upande wa mgongo, ambayo ni lile pindo la kitenge kwa mavazi mengine. Chupa ya maji ikae nje kabisa.

Ukubwa ndio unaobishaniwa zaidi. Mzazi husema nunua kubwa, atakua nalo, litaingiza vingi. Tufanye hesabu. Kompyuta ni kama kilo 2, chaja nusu kilo, lita ya maji kilo 1, vitabu viwili vya kiada na daftari kilo 2 au zaidi, begi lenyewe karibu kilo 1. Tayari tuko kwenye kilo 6 na nusu. Washauri wa afya ya wanafunzi kwa kawaida hutaja asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili, na kijana wa kilo 60 anakuwa ameshapita kiwango cha chini. Begi la lita 25 hadi 30 linaukamata mzigo huo na kubakiza nafasi ya sweta. La lita 45 litajazwa, kwa sababu nafasi haikai tupu, na mwanachuo atakuwa anatembea na robota la frasila bila kulipwa. Vitu vya muhula viende butini katika begi la miraba. Vya siku viende mgongoni. Msafara wenyewe ulikuwa na hekima hiyo ya kutenganisha mali ya biashara na furushi la mpagazi, hata kama haukumwonea huruma.

Linabaki pingamizi la bei, nalo ni zito kuliko yote. Familia inayotegemea chisense haina uhuru wa kulinganisha mishono, inanunua inachoweza. Hili ni kweli, na historia ya soko la eneo hili inasaidia kulijibu. Nguo za mitumba zilikuwa zikivuka kutoka Kongo ya Wabelgiji kabla ya uhuru, na tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980 mitumba hiyo, inayoitwa salaula, imejaa kila soko la Zambia, mabegi yakiwemo. Shanta kuukuu la jeshi au la mlimani, lililotumika miaka mitano ughaibuni na mishono yake ikabaki mizima, limeshafanyiwa mtihani ambao begi jipya la bei hiyo hiyo halijafanyiwa. Lipimwe kwa kutiwa mawe na kuning'inizwa kwa mkanda mmoja, na bitana ikwaruzwe kwa ukucha, kwani utando wa ndani unaozuia maji huchakaa na kugeuka ungaunga hata begi likiwa kabatini. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za Luapula hazisamehe utando ulioisha, na hapo mfuko wa plastiki mzito ndani ya begi hufanya kazi ya lile turubai la Susi. Kigezo cha mwisho ni kama fundi anaweza kuliingia. Begi lililoshonwa hufumuliwa, zipu ikabadilishwa, mkanda ukarudishiwa kwa uzi wa nailoni unaouzwa kwa ajili ya nyavu, na kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo ya bei ya begi jipya. Lililogandishwa kwa gundi na joto, bila mshono unaoonekana, huwa zuri zaidi machoni siku ya kununuliwa. Likichanika, fundi viatu wa Kashikishi hana pa kupitisha sindano.